Unga Unaoshikwa na Moto: Mikate na Madonge ya Araruti ya St Vincent

Hii ni hotuba iliyotolewa mbele ya wapishi na wasindikaji wa mazao ya mizizi. Tumeiweka nzima kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo, ila vipimo vyote vimo.

Wazee wetu, shikamooni. Akina mama, akina baba, na ninyi vijana mliojibanza nyuma karibu na mlango, habari za asubuhi.

Niulize kwanza. Ni nani humu ndani amewahi kununua unga wa araruti, akaukanda kama ngano, akatia bekingi pauda, akauchoma, akaambulia kitu cha kugongea misumari? Naona mikono mingi. Ishusheni, wala msione haya. Tatizo si jiko lako, wala si mkono wako. Unga huu hauna gluteni hata chembe. Ngano hushikwa na gluteni, na gluteni hujengeka kwa kukanda. Araruti unaweza kuikanda kutwa nzima usijenge kitu. Araruti haishikwi na mkono. Araruti hushikwa na moto. Nitalirudia hilo mpaka mchoke, kwa sababu kila hatua tutakayoieleza leo inatokana nalo.

Kabla ya hapo tuelewane kuhusu mmea wenyewe. Tunazungumzia Maranta arundinacea, wenye majani mapana, kimo chake mita moja au zaidi kidogo, na chini ya udongo una mashina meupe marefu yaliyofunikwa na magamba membamba. Hii si nduma. Nawaambia hasa ndugu zetu wa Kenya, maana sokoni kwenu nduma huuzwa kwa jina lilelile la Kiingereza la mmea huu. Ukiparuza nduma mbichi kwa utaratibu nitakaoutoa, utawashwa mikono, na atakayekula chakula kisichoiva vizuri atawashwa koo. Wala si ule uwanga wa pwani wenye kiazi kichungu, ingawa huo nao hutoa wanga mzuri baada ya kuoshwa sana.

Na kwa nini St Vincent? Kwa sababu kisiwa hicho cha mashariki mwa Karibi kwa muda mrefu kilikuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani wa wanga wa araruti. Mashamba yako hasa kaskazini, kwenye miteremko ya volkano ya La Soufrière, pande za Sandy Bay, Owia na Fancy. Volkano hiyo ililipuka mwaka 1902, ikalipuka tena 1979, na tarehe 9 Aprili 2021 ilianza milipuko iliyofunika mashamba hayo kwa majivu wakati wenyeji wakiwa wamehamishwa. Zao limedumu huko pamoja na yote hayo. Mojawapo ya sababu ni kwamba vipande vidogo vinavyobaki udongoni baada ya kuvuna huchipua vyenyewe msimu unaofuata. Vyakula viwili tutakavyovipika leo, mikate na madonge, wenyeji huviita madungo, na wengine hutamka madongo. Mnaocheka, chekeni sasa tumalize.

Tuanze na maji.

Wanga mzuri hutokana na maji. Si na mashine ya bei kubwa. Araruti huvunwa ikifikisha miezi 10 hadi 12, majani yanapoanza kunyauka na kulala. Ukishaing'oa usiiweke. St Vincent kuna aina mbili zinazojulikana zaidi. Ile iitwayo kreoli ina mashina membamba yanayokwenda chini sana, na huweza kungoja siku kadhaa. Nyingine, iitwayo ndizi, ni nene na iko karibu na uso wa udongo. Ni rahisi kuvuna, lakini inatakiwa isagwe ndani ya siku mbili. Ikizidi hapo wanga wake hupungua na kuchacha.

Osha udongo wote. Kisha bandua magamba, na hapa ndipo wavivu hujulikana. Magamba yale yana rangi na uchungu, na ukiyaacha unga utatoka wa kijivu na wenye ladha ya ukakasi. Yabandue kwa kidole au kisu kidogo mpaka shina libaki jeupe tupu, halafu osha tena. Paruza kwa kibao chenye meno madogo kadiri uwezavyo, au twanga kwenye kinu. Kibao kisiwe na kutu, maana kutu hutia wanga rangi na rangi hiyo haitoki.

Rojo lile litie maji mengi safi, kwa kadirio la ujazo mara tatu. Likoroge kwa mkono, ulikamue, ulichuje kwanza kwa chekeche, kisha kwa kitambaa cha marekani kilichokunjwa mara mbili. Makapi yarudie mara ya pili na ya tatu, kwa sababu wanga mwingi bado umo humo. Maji meupe unayoyapata yaache yatulie saa 6 hadi 8. Wanga utazama na kushikamana chini. Mwaga maji ya juu taratibu. Juu ya wanga utaona tabaka jembamba la rangi ya udongo: likwangue kwa kijiko, ulitupe. Tia maji mapya, vuruga, ngoja, mwaga. Rudia mpaka maji ya juu yawe maangavu, kwa kawaida mara tatu. Usilaze wanga ndani ya maji yaleyale usiku hadi usiku, hasa kwenye joto letu. Utachacha, na harufu ile hutaiondoa.

Sasa kukausha. Unauvunjavunja wanga mbichi na kuutandaza kwa unene usiozidi sentimita moja, juu ya kitambaa safi kwenye ungo au chanja, na wavu juu yake kuzuia vumbi na nzi. Mwanga wa jua na upepo vinatosha. Kuna anayesema, mimi nitauanika juu ya mabati ukauke haraka. Mabati ya saa saba mchana? Wanga wenye maji ukikutana na bati lenye moto huo huanza kuiva. Unapata ukoko na chembe ngumu ambazo hakuna chekeche litakalozirudisha kuwa unga. Kumbukeni nilichosema: araruti hushikwa na moto. Hapa imeshikwa kabla ya wakati wake.

Umekauka lini? Chukua kidogo katikati ya vidole, ubinye. Wanga mkavu wa araruti hulia, hutoa mlio mdogo wa kukwaruza, na haunuki chochote. Kilo 10 za mashina yaliyokomaa zikikupa kilo moja na nusu hadi mbili za unga, umefanya kazi nzuri. Ukipata chini ya kilo moja, tatizo liko kwenye kibao chako: vipande ni vikubwa na wanga umebaki ndani ya makapi.

Na wewe unayenunua dukani? Sikiliza habari hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1850, daktari mmoja wa London aitwaye Arthur Hill Hassall alikuwa akinunua vyakula madukani na kuviweka chini ya hadubini. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet pamoja na majina ya wauzaji, bila kuficha mtu. Araruti ilikuwamo kwenye orodha yake. Ilikuwa bidhaa ya gharama, chakula cha wagonjwa na watoto, na ndani ya baadhi ya pakiti alikuta wanga wa viazi, wa sago na wa muhogo. Aliujuaje? Kila wanga una umbo lake la punje, na hadubini haidanganywi na lebo. Kelele zilizotokana na uchunguzi huo zilichangia kupatikana kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1860 dhidi ya uchakachuaji wa vyakula.

Mchezo huo umekwisha? Nani kasema! Hadi leo wanga wa muhogo huuzwa kwa jina la araruti, kwa sababu ni wa bei nafuu na kwa macho vinafanana. Huna hadubini, lakini una sufuria. Koroga kijiko kimoja kikubwa cha unga katika maji baridi mililita 240, weka motoni, koroga mpaka uzito uje, epua, uache upoe kidogo. Araruti hutoa uji mwangavu, laini, usio na harufu. Wanga wa mahindi hutoa uji mweupe kama maziwa na wenye harufu ya nafaka. Wa muhogo ni mwangavu pia, lakini ukiinua mwiko unavutika na kufuatana kama gundi. Nunua pakiti moja ya kila aina ujizoeze. Ukishaona tofauti mara moja hutaisahau.

Haya. Unga tunao, na ni wa kweli. Tuingie kwenye madonge.

Chukua unga, tia maji baridi, changanya. Unaona nini? Ukiubinya ngumi unakuwa mgumu kama umekandika. Ukifungua kiganja, unatiririka katikati ya vidole na kudondoka mezani. Binya, mgumu. Achia, maji. Huo si mkate, huo ni mzaha! Sababu ni kwamba punje mbichi ya wanga hainyonyi maji baridi ila kidogo sana. Inabaki nzima, imara, imejitenga na mwenzake.

Uimara huo wa punje ulikuwa na soko lake. Mnazijua zile karatasi za stakabadhi zinazonakili bila kaboni, unaandika juu na maandishi yanatokea chini? Nyuma ya karatasi ya juu kuna vifuko vidogo mno vya rangi vinavyopasuka kalamu ikivikandamiza. Ili visipasuke ovyo karatasi zinapobanana, kati yao hutiwa punje kubwa kuliko vifuko, za kubeba uzito. Katika karne ya 20 araruti ya St Vincent iliuzwa kwa kazi hiyo, na kwa muda viwanda vya karatasi viliitegemeza biashara ambayo jikoni ilikuwa imeanza kuelemewa na wanga wa mahindi. Punje inayobeba mrundo wa karatasi bila kupasuka, wewe utailegeza kwa kuikanda na maji ya mtungi?

Hailegei. Hulegezwa na moto. Kwenye joto la nyuzi 70 hivi punje huvimba, hupasuka na kugeuka ute. Ute huo ndio gundi yetu. Kwa hiyo tunapika sehemu ndogo ya unga, halafu tunaitumia kushika sehemu kubwa iliyobaki mbichi. Hiyo ndiyo siri yote ya madonge, na baada ya hapo ni vipimo tu.

Vipimo vyetu ni hivi. Unga gramu 250. Tui jepesi mililita 160. Nazi iliyokunwa gramu 50. Chumvi nusu kijiko cha chai, sukari kijiko kimoja kikubwa, na kungumanga kidogo ukipenda. Toa gramu 40 za unga, zikoroge katika tui likiwa baridi mpaka pasiwe na mabonge. Weka moto mdogo na usiache mwiko. Dakika moja nzima utaona kama hakuna kinachotokea, halafu ghafla sana chini kunaganda. Hapo wengi huepua kwa hofu. Usiepue! Endelea kukoroga mpaka weupe upungue, ute uwe mzito na uanze kuachana na sufuria. Ndipo uumimine ukiwa wa moto juu ya gramu 210 zilizobaki, pamoja na nazi, chumvi na sukari. Songa kwa mwiko kwanza, kisha kwa mkono mara tu vidole vinapoweza kuvumilia. Ukisubiri upoe, ute unakuwa na vipandevipande na hautaingia ndani ya unga.

Donge zuri halinati mkononi na halitiririki. Likipasuka kingo unapolibonyeza, maji yamepungua: ongeza maji ya moto kijiko kimoja cha chai kwa wakati mmoja. Likilegea na kujimwaga, usikimbilie kuongeza unga mkavu. Ute wako haukuiva. Chukua konzi moja ya donge hilohilo, lirudishe kwenye sufuria lipikwe mpaka liwe angavu, kisha ulikande humo tena. Nimeona wapishi wazuri wakitia unga juu ya unga kwa tatizo hili, na mwisho wanapata mchanga.

Viringisha vipande vyenye urefu wa kidole na unene wa sentimita mbili. Vitatoka kama 16. Vifunike kwa kitambaa kibichi, maana hukauka uso haraka sana. St Vincent huviingiza kwenye mchuzi wa mbaazi, au kwenye supu yao ya kalaluu. Na majani ya supu hiyo ni yapi? Ni majani ya nduma! Kwa hiyo nduma imepata nafasi yake katika chungu hiki, ila kwa majani.

Supu iwe inachemka polepole unapovitumbukiza, isiwe inatokota kwa fujo. Fujo huvikwangua uso, na supu yote inageuka mlenda. Dakika 12 hadi 15 zinatosha. Vitaelea mapema, lakini kuelea si kuiva. Kata kimoja: ukiona kiini cheupe chenye unga, bado. Vikishaiva, epua na upakue. Wanga wa araruti hauvumilii kuchemshwa muda mrefu, huanza kulegea. Ndimu kila mtu atie kwenye bakuli lake mezani. Na maziwa ya ng'ombe achana nayo kabisa katika chakula hiki, yanaleta utelezi usiopendeza. Tumia tui.

Sasa mikate. Hapa kuna kisa cha huzuni, lakini lazima tukisimulie, kwa sababu mkate huu una wenyewe.

Kaskazini mwa St Vincent waliishi Wakarib, na pamoja nao watu waliotokana na mchanganyiko wa Wakarib na Waafrika, ambao leo tunawaita Wagarifuna. Walipigana na Waingereza chini ya kiongozi wao Chatoyer, aliyeuawa Machi 1795, na vita vikaisha mwaka 1796 kwa kushindwa kwao. Maelfu walifungiwa kwenye kisiwa kidogo cha Baliceaux, wengi wakafia huko, na mwaka 1797 waliosalia wakasafirishwa hadi Roatán, pwani ya Honduras. Wazao wao wa Honduras na Belize mpaka leo huparuza muhogo, huukamua maji, huuchekecha, na kuuoka juu ya chuma kikavu bila mafuta wala hamira. Wachache waliobaki nyuma walibaki upande ule wa Sandy Bay, Owia na Fancy. Mkate wa madungo ni wa ukoo huohuo wa mapishi: unga wenye unyevu, chuma cha moto, basi.

Mnaona mantiki? Kwenye madonge tulipika gundi kwanza. Kwenye mkate, chuma chenyewe ndicho kinachopika gundi. Unga wenye unyevu wa kutosha ukitua juu ya chuma, punje huvimba na kushikana palepale. Kwa hiyo hatukandi. Narudia, akina mama, najua mikono inawawasha: hatukandi!

Unga gramu 250. Nazi mbichi iliyokunwa kwa mbuzi gramu 120. Chumvi nusu kijiko cha chai, sukari vijiko viwili vikubwa na si zaidi, kwa sababu sukari itaungua kabla mkate haujaiva. Maji mililita 90 hadi 100. Sugua nazi na unga kwa ncha za vidole, nyunyiza maji kijiko kwa kijiko huku ukiendelea kusugua. Kipimo chake ni hiki: kamata konzi ubinye, ikishikamana na ukiivunja ikakatika wima bila kutiririka, acha maji. Funika nusu saa unyevu usambae, kisha pitisha yote kwenye chekeche lenye matundu makubwa. Lazima uchekeche. Bonge lililobaki litakuwa doa la unga mbichi ndani ya mkate.

Msitumie chicha. Najua jikoni kwetu hatupendi kutupa kitu, lakini chicha imeshatolewa tui, na mafuta yamekwenda na tui. Mafuta ya nazi ndiyo yanayouzuia mkate kuwa mpira.

Kikaango kizito, kikavu, moto wa wastani. Kijaribu kwa kutupia kijipande cha unga: ndani ya sekunde kumi kiwe kimeshikana bila kubadilika rangi. Kikibadilika rangi, moto ni mkali. Tandaza mduara wa sentimita 15, unene wa sentimita moja, gandamiza kidogo kwa mgongo wa kijiko, funika. Mfuniko ni muhimu kwa sababu mvuke ndio unaoivisha katikati. Baada ya dakika 4 tikisa kikaango. Mkate ukiteleza mzima, ugeuze, upe dakika 4 au 5 nyingine. Usipoteleza, usiuchokonoe, ngoja. Ukivunjika vipande baada ya kugeuza, unga ulikuwa mkavu mno. Vipimo hivi vinatoa mikate mitatu.

Wapo wanaochanganya na ngano na kukaanga kwenye mafuta. Ngano gramu 250, araruti 125, bekingi pauda vijiko viwili vya chai, chumvi, sukari kidogo, siagi kijiko kimoja kikubwa, maji kiasi cha mililita 180. Hapo unakanda kidogo na bekingi pauda ina kazi, maana kuna gluteni ya kuibakiza hewa. Ni kitamu, na watoto watakipenda zaidi. Kwa maoni yangu ni andazi lililochangamka, si madungo.

Vyote viwili huliwa vya moto. Vikipoa, wanga hujifunga upya na kuwa mgumu, na kuuacha ndani ya jokofu ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuuharibu. Mkate wa jana usiurudishe kwenye kikaango kikavu. Upe mvuke dakika tatu au nne, utalegea.

Tutoke sasa, majiko yameshawashwa. Meza ya kwanza ina nazi na mbuzi, wataanza na mikate. Meza ya pili ina tui na mchuzi wa mbaazi. Meza ya tatu ina pakiti mbili tulizoziondoa lebo, moja ya araruti na moja ya muhogo. Chemsheni kijiko kimoja cha kila moja, mkubaliane wenyewe ipi ni ipi, halafu ndipo mje mtuulize.